Kusuka Ukili kwenye Bariyeri ya Ngomo

Vijana wa parokia yetu waliniomba niandike kuhusu kazi yangu ya barabara. Nadhani walitaka niandike juu ya magari. Nilifanya kazi hiyo tangu sijaota ndevu mpaka magoti yalipokataa, na ninamshukuru Mungu kwa siku zote hizo, hata zile za matope. Magari niliyaona. Lakini sehemu kubwa ya kazi yangu haikuwa magari. Ilikuwa kuyangoja. Basi nitawaandikia juu ya kungoja, kwa sababu naona ninyi pia mnangoja sana, na mkingoja mnakula.

Juzi nilikaa mbele ya nyumba yetu hapa Kadutu pamoja na mjukuu wangu. Umeme ulikuwa umekatika na yeye alikuwa anangoja urudi. Alikula pakiti ya biskuti. Umeme haukurudi, akafungua pakiti nyingine. Nikamwuliza kama ana njaa.

"Hapana, koko," akasema, yaani babu. "Niko nangoja tu."

Sikumkemea. Mimi niliwahi kula kwa sababu hiyo hiyo, na tena nilikuwa nalipwa mshahara.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji. Barabara ya kutoka Bukavu kwenda Uvira, inapofika mteremko wa Ngomo, ilikuwa nyembamba kiasi kwamba upande mmoja kulikuwa na ukuta wa mlima na upande mwingine kulikuwa na hewa. Kamio mbili, yaani malori, hazikuweza kupishana. Kwa hiyo asubuhi magari yalipanda kutoka bondeni, na mchana yalishuka kutoka kwetu. Juu palikuwa na bariyeri, mti mrefu wenye jiwe zito kwenye mkia, na mlinzi wake nilikuwa mimi. Chini palikuwa na bariyeri nyingine, na mlinzi wake alikuwa Gaspari. Simu haikuwepo. Kila mmoja wetu alikuwa na ngoma.

Niwaeleze ilivyokuwa, maana leo hakuna anayejua. Asubuhi Gaspari aliruhusu magari yapande, na lile la mwisho alilifunga tawi bichi mbele ya pua yake. Tawi lilipofika kwangu, nilipiga ngoma kumwuliza Gaspari: njia iko wazi? Kama hakuachia gari lingine nyuma ya tawi, alijibu kwa mapigo mazito yenye nafasi katikati. Hiyo ilikuwa "wazi," nami nilifungua bariyeri magari ya juu yashuke. Lakini kama alikuwa ameachia gari lililochelewa, alijibu kwa mapigo hayo hayo, ila kila moja lilifuatwa na pigo dogo la haraka, kama mtoto anayekimbia nyuma ya mama yake. Hiyo ilikuwa "bado." Barabara ilizunguka mlima sana, lakini sauti ya ngoma haikuzunguka. Ilipanda moja kwa moja, ikafika imechoka kidogo.

Gaspari sikumjua kwa uso. Nilifanya kazi naye muda mrefu kabla sijamwona, kwa sababu siku yangu ya kazi ilikuwa siku yake ya kazi, na Jumapili kila mtu alisali kwao. Nilimjua kwa mikono yake. Akiwa na homa, pigo lake la mwisho lilishuka kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa. Siku moja aliongeza pigo ambalo halikuwa na maana yoyote katika kazi yetu, nami nikalirudisha kwa adabu. Kesho yake shofere mmoja, dereva wa kamio, aliniambia kwamba mke wa Gaspari amejifungua mtoto wa kiume. Hayo ndiyo mazungumzo tuliyokuwa nayo.

Kabla yangu, mlinzi wa juu alikuwa Deogratiasi. Alikuwa mtu mwema, mwimbaji, na alipenda mahindi ya kuchoma, yale makavu yanayolia mdomoni. Sasa fanyeni jaribio. Tafuneni mahindi kama hayo huku mtu anabisha hodi nyumba ya tatu. Hamtasikia hodi yote. Mtasikia vipande vyake. Siku hiyo Gaspari alipiga "bado," na Deogratiasi, akiwa anatafuna, alisikia mama bila watoto. Akafungua. Kamio ya simenti iliyokuwa inashuka ilikutana kwenye kona na kamio ya ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani, iliyokuwa inapanda. Kwa neema ya Mungu hakufa mtu. Shofere wa simenti alirudi kinyumenyume mpaka juu, akisali kwa lugha ambazo hakuwa amebatizwa nazo, na magunia mengi ya ndagala yalikwenda korongoni, ambako kunguru walianza sikukuu mapema. Deogratiasi aliondoka katika kambi ya wafanyakazi wa barabara jioni ile ile.

Ndipo kapita wetu, msimamizi wa kazi, akanichukua mimi niliyekuwa kantonye, yaani mtu wa kufukia mashimo ya barabara. Kapita Filipo alikuwa Mshi wa Nyangezi, mrefu, mtu ambaye akikusalimu asubuhi ulikuwa umemaliza nusu ya maneno yake ya siku. Alinionyesha namna ya kukausha ngozi ya ngoma kwa moto, si karibu sana ikapasuka, si mbali sana ikalegea. Alinikataza kuigusa nikiwa na mafuta mikononi, kwa sababu panya hawapendi ngoma ila wanapenda mafuta, na hawatenganishi. Alinifundisha kusikiliza nikiwa nimegeuza sikio upande wa bonde na mdomo wazi kidogo. Kisha akanipa kiti cha Deogratiasi.

Kando ya kiti hicho nilikuta lundo la maganda ya karanga na magunzi ya mahindi. Nilikusudia kuliondoa. Wiki ya kwanza sikupata nafasi. Wiki zilizofuata nilikuwa na nafasi tele, na sikuliondoa.

Ninyi hamjui urefu wa saa kwenye bariyeri. Magari ya asubuhi yakishakuja, unakaa. Tawi halijafika, unakaa. Ukipiga ngoma na kujibiwa, magari yanashuka, halafu unakaa mpaka jioni. Hatua chache kutoka kiti changu alikuwa anakaa Bibi Zaina na bakuli zake. Alikuwa mwanamke wa familia za Waswahili wa Uvira, Waislamu ambao babu zao walikuja kutoka pwani na biashara. Aliuza mandazi, kashata, karanga, mahindi na ndizi mbivu. Mashofere walikuwa wateja wake wa kupita. Mimi nilikuwa mteja wake wa kudumu. Sikuwa na njaa. Mama yangu, ambaye nilimleta kutoka Mumosho kukaa nami katika nyumba ya kambi, alinilisha ugali na maharage kila alfajiri kama mtu anayepakia kamio. Lakini mkono ulikuwa hauna la kufanya, na bakuli zilikuwa karibu.

Siku moja, Kwaresima ikiwa imeanza, Kapita Filipo alikuja na fimbo. Hakunisalimu. Alisimamisha fimbo kando ya lundo, akaangalia alama aliyokuwa ameichora kwa kisu kwenye nguzo ya bariyeri.

"Baltazari," akasema, "lundo ya Deo ilikuwa inafika hapa. Leo inapita. Deo anakuyaka usiku kuongeza?"

"Hapana, kapita."

"Basi ni nani?"

"Ni miye."

"Unasikiaka njaa?"

"Hapana, kapita."

"Juu ya nini unakula?"

"Niko nangoja."

Akakaa juu ya jiwe. Nilijua kuna jambo, kwa sababu kapita hakuwa anakaa kazini.

"Muzungu wa barabara aliniita," akasema. "Aliniambia: ule Deo, ni wewe ulimuchagua. Huyu pia ni wewe. Akikosa mbele ya Pasaka, yeye anaenda, na wewe unaenda naye. Nitachagua kapita mwingine. Miye niko na batoto ku masomo, Baltazari. Nyumba ni ya kazi. Nikitoka ku kazi, natoka ku nyumba." Akaangalia lundo. "Sikukatazi kula. Chakula ni ya Mungu. Lakini masikio ni ya barabara."

Akasimama, akachukua fimbo yake, akaenda. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyopata kuyasikia kutoka kwake kwa mara moja, na yaliniingia. Siku ile nilinunua karanga kidogo tu.

Nataka kuwaeleza njia nilizojaribu, ili msizirudie. Kwanza nilijaribu kuimba. Nilikuwa najua nyimbo nyingi za kanisa, na mtu anayeimba hatafuni. Lakini mtu anayeimba pia hasikii ngoma, na nilikuwa mbaya kuliko Deogratiasi, ambaye angalau alikuwa anameza mate mara kwa mara. Kisha nilijaribu kulala kidogo kati ya gari na gari. Hilo silielezi zaidi.

Halafu nilichukua rozari. Niliona hii ndiyo dawa yenyewe: mkono una kazi, moyo una kazi, masikio yako huru. Iliendelea vizuri mpaka uzi ulipokatika na punje zikatawanyika kwenye matope. Sikutaka kukatiza sala. Nikachukua karanga, nikazipanga juu ya goti kwa makumi, na kila Salamu Maria nilisogeza moja. Nilizisogeza upande ambao mkono wangu ulikuwa umezoea. Nilipofumbua macho, goti lilikuwa tupu. Jumamosi nilimweleza padri katika maungamo. Akauliza nilikuwa nimefika tendo gani. Nikasema tendo la tatu la uchungu.

"Basi ulishiba kabla ya msalaba," akasema, akanipa malipizi.

Kapita, alipoona ninahangaika, alileta pipa la chokaa na brashi. Alisema nipake mawe ya ukingoni rangi nyeupe, kwa sababu mkono wenye chokaa haupelekwi mdomoni zaidi ya mara moja. Ni kweli, niliupeleka mara moja. Ilikuwa kazi nzuri na mawe yalipendeza. Lakini sikuruhusiwa kwenda mbali na ngoma, na mawe ya karibu yaliisha upesi. Nilianza kuyapaka mara ya pili. Nilipoanza mara ya tatu kapita alichukua pipa lake.

Mwaka huo Ramadhani iliingia ndani ya Kwaresima yetu. Bibi Zaina alikuja kila siku kama kawaida, akapanga bakuli zake, akauza mchana kutwa, na hakuonja hata chembe. Nilimwangalia kwa siku kadhaa. Mwishowe nikamwuliza.

"Bibi, hii mandazi yote iko mbele yako, na harufu yake. Hautamani?"

"Na ninyi, Kwaresima yenu mnafunga nini?" akanijibu. Alisema Kiswahili cha watu wake, laini, si kama chetu.

"Nyama, siku ya Ijumaa."

"Na karanga?"

"Karanga hazikutajwa."

"Naona," akasema, akitazama lundo. "Baltazari mwanangu, hata isiyokuwa Ramadhani, umewahi kuniona nikila mali yangu?"

Nikafikiri. Sikuwahi.

"Ningekula ningefilisika zamani. Tazama mikono yangu."

Nikatazama. Nilikuwa nimekaa karibu na mikono ile miezi mingi na sikuwa nimeitazama, kwa sababu mimi nilitazama bakuli. Mikono yake ilikuwa inasuka. Alikuwa na majani ya mkindu yaliyochanwa membamba na kuloweshwa, na alikuwa anayapitisha moja juu, moja chini, na ukanda mrefu ulikuwa unatoka mikononi mwake na kujikunja mapajani. Aliuita ukili. Kanda hizo zikishonwa pamoja, ndiyo mkeka. Alipouza, aliushika kwa vidole vya miguu, akatoa ndizi, akapokea alichopewa, akarudi. Macho hayakuhitajika. Masikio yalikuwa yake.

"Nifundishe," nikasema.

"Hii ni kazi ya wanawake."

"Na kupoteza kazi ni ya nani?"

Akacheka kidogo na kunisogezea majani.

Ukili wangu wa kwanza ulifanana na njia ya mbuzi. Bibi Zaina aliushika, akaupitisha kati ya vidole vyake akiwa anaangalia barabara, kama mtu anayesoma.

"Hapa uliwaza jambo," akasema. "Hapa kamio ilipita. Hapa mvua ilianza." Akasimamisha kidole. "Hapa ulikula."

Nilikuwa nimekula kashata moja, yeye akiwa amekwenda kuteka maji. Nikamwuliza amejuaje.

"Mkono mmoja ukienda mdomoni, mwingine unashika peke yake na jani linalegea. Ukivuta baadaye, haliitiki tena."

Kuanzia siku ile sikuweza kumficha. Jioni alikuwa anakagua ukili wangu kuliko kapita alivyokagua barabara. Na mimi nikaanza kupenda ule ukanda. Sikuwa nimetegemea hilo. Asubuhi niliamka nikiwaza kama jani la kijani lililokolea litakaa vizuri kando ya lile lililokauka. Nilijifunza kuchana jani kwa ukucha wa kidole gumba, kulilowesha kwa kitambaa na si kulitia majini, kuongeza jani jipya kabla la zamani halijaisha. Nilisali rozari bila rozari, Salamu Maria moja kwa kila jani lililovuka. Ngoma ya Gaspari nilianza kuisikia yote, hata alivyovuta pumzi kabla ya kupiga, ingawa hilo sitaapa.

Mashofere hawakuniacha hivi hivi. Mkubwa wao kwa maneno alikuwa Kalume, mtu wa Uvira, mwenye kofia ya ngozi.

"Mama Baltazari," aliniambia mbele ya wote, "mukeka utaisha lini? Bibi harusi anangojea."

"Utaisha siku utafunga mudomo," nikasema.

"Basi batoto yangu ndio bataulalia."

Bibi Zaina pia alilalamika kwamba nimemharibia biashara. Alisema amenifundisha kwa mkono wa kulia na kujinyima kwa mkono wa kushoto. Lakini aliendelea kuniletea majani, ambayo jamaa zake waliyatuma kutoka bonde la Ruzizi kwa kamio.

Jumamosi Kuu ilifika. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na ukungu ulishuka ukakaa barabarani. Juu kwangu magari yalikuwa yamejipanga mpaka kona ya nyuma, yote ya watu waliotaka kufika Uvira kabla ya Pasaka. Kapita Filipo alikuja mwenyewe na koti lake la mvua, akasimama kando ya nguzo yenye alama. Hakusema ni kwa sababu gani amekuja. Ilikuwa siku ya mwisho.

Tawi likafika. Nilikausha ngoma yangu kwa moto, nikapiga kuuliza.

Jibu lilichelewa. Lilipokuja, lilikuja dhaifu kama mtu anayegonga gunia lenye maji. Nilikuwa nimekaa na ukili mapajani, mdomo wazi kidogo, sikio upande wa bonde. Mashofere wote walisikia.

"Imelia," Kalume akasema. "Fungua, Mama Baltazari."

Sikusimama. Vidole vyangu vilikuwa vimesimama juu ya jani.

"Hauko nasikia? Ngoma imelia. Batu wote bamesikia."

Kapita aliniangalia. "Wewe unasikia nini?"

"Bado," nikasema. "Mapigo makubwa yako na madogo nyuma."

"Miye nasikia makubwa tu," kapita akasema.

Hilo lilinitisha. Kapita alikuwa na masikio mazuri. Nikapiga tena kuuliza. Jibu likaja, dhaifu zaidi kuliko la kwanza, na upepo ukachukua nusu yake. Sasa hata mimi sikuwa na uhakika wa sikio. Nilikuwa na uhakika wa lile la kwanza tu.

"Kapita," nikasema, "la kwanza lilikuwa bado."

Aliweza kuniamuru nifungue. Kama ningekuwa nimekosea, watu wa Pasaka wangelala barabarani, na mzungu angesikia kabla ya misa. Kama ningefungua na nikawa nimesikia sawa, ingekuwa simenti na ndagala tena, kwenye matope. Alitazama nguzo. Alitazama ukili wangu, sijui kwa nini. Kisha akakaa juu ya jiwe lake, kwenye maji.

"Tunangoja," akasema.

Tukangoja. Kalume alizunguka bariyeri akitoa maoni. Alisema mtoto wake atabatizwa bila baba. Mwingine alisema mke wake ataolewa na mwingine kabla ya sisi kufungua. Wengine walikwenda kwa Bibi Zaina, na siku hiyo aliuza bakuli zote, mbele yangu, mahindi yakilia midomoni mwao pande zote. Hakuna gari lililopanda. Ukungu ulikuwa mtupu. Muda ulikwenda mpaka Kalume mwenyewe akachoka kusema.

Nilisuka. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya kwa ajili ya mtu yeyote.

Tukasikia wimbo kwanza. Ulikuwa wimbo wa kanisa, unaimbwa na watu waliokosa pumzi. Kisha kutoka kwenye ukungu ikatokea kamio, imekufa mashine, bila taa, ikisukumwa na kwaya nzima ya bondeni waliokuwa wanakwenda mjini kwa kesha la Pasaka. Mavazi yao yalikuwa meupe mpaka magotini. Wanawake walibeba mawe, na kila hatua waliweka jiwe nyuma ya gurudumu ili isirudi. Ilikuwa imejaza barabara yote kutoka ukuta mpaka hewani.

Kalume aliangalia ile kamio. Akaangalia korongo. Akavua kofia yake ya ngozi, akaenda kusukuma. Wote wakaenda. Hata kapita alisukuma. Mimi nilibaki kwenye ngoma, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kamio ilipopita bariyeri niliuliza tena na Gaspari akajibu "wazi." Nilisikiliza mara mbili. Nikafungua.

Kalume alipopita na gari lake alipunguza mwendo mbele yangu. "Baltazari," akasema. Aliniita jina langu tu, bila Mama, halafu akashuka bondeni.

Jumatatu ya Pasaka Kalume alileta ujumbe kutoka chini. Gaspari aliomba radhi kwa ngoma yake. Ngozi haikukauka, kwa sababu moto wa kuikausha ulikuwa umepikiwa viazi vitamu. Kalume aliniambia kwamba na yeye, Gaspari, ana lundo lake.

Nilifunga majani ya mkindu, nikaanza ukili mpya, nikasuka kiasi cha urefu wa mkono ili aone njia, nikampa Kalume apeleke. Zilipita siku nyingi bila habari. Halafu shofere mmoja alinirushia kifurushi: ukili ule ule, umeongezeka. Sehemu yake ilikuwa kama njia ya mbuzi. Nikasuka yangu nikarudisha. Ukawa unashuka mchana na kupanda asubuhi, umefungwa kwenye kiti cha shofere, na mashofere waliacha kutania kwa sababu na wao sasa walikuwa wanaubeba. Sehemu za Gaspari zilinyooka. Kapita alimwita kantonye mmoja, akaamuru lundo langu likatandazwe kwenye migomba ya kambi, na alama kwenye nguzo akaikwaruza kwa kisu ikatoka. Yeye alibaki na kazi yake, nami nikabaki na yangu.

Ukili ulipofikia urefu wa kutosha tuliushona msala, yaani mkeka wa kuswalia, kwa ajili ya Bibi Zaina, kwa sababu wake wa zamani ulikuwa umechoka. Siku ya kumpa, Gaspari aliomba ruhusa akapanda na magari ya asubuhi. Ndipo nilipomwona. Alikuwa mfupi. Kwa muda wote ule nilikuwa nimemdhania mrefu. Tulishikana mikono muda mrefu.

Bibi Zaina alipokea msala kwa mikono miwili, akashukuru, akaukunjua juu ya majani. Hakukaa juu yake. Aliinama, akapitisha vidole ukanda kwa ukanda, polepole, macho yake yakiwa barabarani. Sehemu zangu alizipita bila kusimama. Alipofika karibu na pembe, kidole kikasimama.

"Huyu wa chini," akasema, "hapa alikula."

Gaspari alishusha macho.

"Ndizi moja, Bibi," akasema. "Ndogo."